Daraja la Tano la Dereva

Mashine kubwa ilikuwa ikimaliza kukamua saa saba kasoro dakika kumi, na kuanzia hapo hadi saa nane idara ya nguo ya hospitali ilikuwa mali ya wafanyakazi wake. Wengine walijilaza juu ya marobota ya mablanketi. Wengine walitoka nje kutafuta hewa isiyo na mvuke. Watu watatu walikuwa wakienda kwenye meza ya kukunjia, wakaifuta, wakatandaza ramani.

Ramani ilikuwa imechorwa kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya shuka kuukuu, ile kalamu ya kuandikia majina ya wodi. Aliyeichora ni mkunjaji, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu ambaye idara nzima ilimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa amekunja shuka za hospitali ile kwa miaka ishirini na miwili, na kwa miaka kumi na moja ya hiyo alikuwa pia ndiye mwenye nchi iliyoko kwenye ramani, mito yake, miji yake, na kila mtu aliyetembea ndani yake.

Mchezo ulianza juma ambalo bomba la mvuke lilipasuka, watu wakakaa siku tatu wakitazamana. Mpwa wake Shangazi alikuwa akicheza kitu cha aina hiyo na wenzake chuoni, mmoja anasimulia, wengine wanajifanya wasafiri, dadu zinaamua. Shangazi hakuuliza kanuni za mpwa wake. Alitunga za kwake. Alichora mto, milima miwili na geti la mji, akasema, "Haya, nyinyi ni wasafiri. Mmefika getini, mlinzi amelala fofofo. Mnafanya nini?" Tangu hapo hawakuacha.

Mwanzoni nguvu za ajabu za nchi ile aliziita uchawi. Siku ya tatu habari zikamfikia matroni kwamba kule kwenye nguo watu wanarogana mchana kweupe. Shangazi akaitwa, akajieleza, akarudi. Kuanzia siku hiyo neno likawa "nguvu" tu, na aliye nazo akaitwa "mwenye nguvu." Mchezo wenyewe haukubadilika hata chembe.

Waliobaki mezani kwa muda mrefu walikuwa wawili. Mmoja ni fundi wa mashine, mtu wa maneno mengi, asiyeweza kufungua bolti bila kuitukana kwanza. Mwingine ni dereva wa gari la nguo, aliyezungukia wodi na zahanati ndogo akikusanya mifuko ya nguo chafu na kurudisha safi. Huyu alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na ndiye aliyekuwa juu kuliko wote katika nchi ya Shangazi. Alikuwa daraja la tano.

Kisha akaja msimamizi mpya.

Alihamishwa kutoka ghala la dawa, kijana wa miaka thelathini na minne, shati limenyooka, kalamu mbili mfukoni. Nafasi ile Shangazi alikuwa ameiomba mara tatu katika maisha yake, na mara zote tatu akaambiwa asubiri. Alimpokea mgeni kwa heshima zote. Alimwonyesha mizani, mifuko myekundu ya nguo za maambukizi, na mlango unaohitaji kupigwa teke kidogo ndipo ufunge. Hakumwonyesha ramani.

Msimamizi aliigundua mwenyewe. Kwa wiki tatu alipita karibu na meza saa ya mapumziko, na kila alipopita watu walikaa kimya kama maji mtungini. Wiki ya nne alisimama.

"Samahani," alisema. "Mtu akitaka kucheza, anaanzaje?"

Fundi alimtazama Shangazi. Dereva aliitazama sahani yake. Bosi akiomba kucheza haambiwi nafasi zimejaa, na Shangazi alilijua hilo.

"Anaanza chini," alisema. "Daraja la kwanza. Hapa hakuna anayeanzia katikati."

"Sawa. Nieleze hayo madaraja."

Shangazi akasogeza bakuli lake la chakula pembeni.

"Madaraja ni saba. Kila moja lina kipimo, na kipimo chenyewe ni umbali ambao nguvu yako inafika. Daraja la kwanza anaitwa Mwasha. Kipimo chake ni mkono. Akishika mshumaa, unawaka. Akishika maji, yanachemka. Asichokigusa hakimhusu."

"Mwasha. Mkono." Msimamizi alikuwa ameshatoa kalamu.

"La pili, Mvuta. Kipimo chake ni jicho. Anachokiona anaweza kukivuta kije."

"Hata mlima?"

"Mlima kila mtu anauona. Uzito ni uzito tu, kijana wangu. Anavuta kile ambacho angeweza kukibeba kwa mikono yake."

"Mimi ndiye Mvuta," Fundi alidakia. "Mwaka wa pili huu navuta tu, sipandi, sishuki. Kama lifti yetu."

"La tatu, Mgeuza. Kipimo chake ni pumzi. Anageuza kitu kuwa kitu kingine kwa pumzi moja. Akipumua, kinarudi kilivyokuwa. Na mchezaji mwenyewe anabana pumzi hapahapa mezani, tunahesabu."

"Kweli?"

"Muulize huyo." Fundi alimwonyesha Dereva kwa kidole. "Alimgeuza mamba kuwa gogo ili tuvuke mto. Sekunde hamsini na moja! Macho yalimtoka tukadhani tutampandisha wodini."

Dereva alitabasamu tu.

"La nne, Mfunga," Shangazi aliendelea. "Kipimo ni neno. Anafunga mlango, jeraha, kinywa cha mtu. Kinabaki kimefungwa mpaka neno lilelile lisemwe tena. La tano, Mwita. Kipimo chake ni jina. Kitu chochote ambacho analijua jina lake la kweli, akikiita kinakuja, kiwe mbali namna gani. Upepo, mvua, kundi la ng'ombe. Kazi iko kwenye kulipata jina. Dereva wetu anayo manne, na moja lilimgharimu miezi mitano."

"Na la sita?"

"Msahaulishi. Kipimo ni kumbukumbu. Hajafika mtu."

"La saba?"

"Hilo halina jina. Atakayefika atalipa jina mwenyewe."

Msimamizi aliandika, akapiga mstari, akainua kichwa. "Kwa hiyo wa tano akikutana na wa kwanza, wa kwanza kwisha habari yake."

"Hapana. Hapo ndipo wengi wanapokosea." Shangazi alitoa dadu mbili kwenye mfuko wa aproni. "Wakigongana, kila mmoja anarusha hizi mbili, anajumlisha na daraja lake. Mwenye nyingi kashinda. Wa tano ana nafasi kubwa, lakini dadu hazina adabu. Halafu kuna hili. Ndani ya urefu wa mkono, daraja halihesabiwi. Mwasha akimshika Mwita kifundo cha mkono, wanarusha sawa kwa sawa. Daraja linakupa kufika mbali. Halikupi kuwa mgumu."

"Na kupanda?"

"Matendo matatu makubwa mbele ya mashahidi. Halafu jaribio. Unarusha mara moja, bila msaada wa mtu. Kuingia la pili unatakiwa upate sita au zaidi. La tatu saba, la nne tisa, la tano kumi, la sita kumi na moja. Ukishindwa unakaa mwezi mzima ndipo ujaribu tena."

Msimamizi alikubali yote. Alichagua msafiri wake awe mchimba visima, kazi ambayo Fundi aliicheka siku nzima, na akaanza kuwasha mishumaa kama Mwasha yeyote.

Alikuwa mchezaji mzuri, Shangazi hakuweza kulikana hilo. Hakutumia ubosi wake mezani. Alipotakiwa kusubiri zamu alisubiri. Tatizo lake lilikuwa maswali. Je, Mvuta mwenye miwani anavuta mpaka wapi akiivua? Je, Mfunga akifa, alivyovifunga vinafunguka? Shangazi alijibu mengine papo hapo, mengine akayaweka kiporo, na akajikuta akiyawaza akiwa kwenye rola ya kupigia shuka pasi, mikono ikienda yenyewe. Miaka kumi na moja hakuna aliyemuuliza maswali ya namna ile. Ijumaa moja, Msimamizi alipomwomba daftari la mchezo akalisome mwisho wa juma, alimpa bila kufikiri mara mbili.

Daftari lilikuwa na kila kitu, majina ya miji, matendo, na kila dadu iliyorushwa kwenye jaribio, na tarehe yake. Shangazi aliandika dadu kama alivyoandika kilo za nguo chafu kila asubuhi. Mkono wake haukujua kuandika namba ambayo mizani haikuisema.

Jumatatu Msimamizi alikuja na karatasi kubwa iliyochapwa na kupigwa plastiki. Juu yake kulikuwa na jedwali: madaraja saba, vipimo vyake, namba za majaribio, na chini wachezaji wote na jinsi kila mmoja alivyopanda. Aliibandika ukutani kando ya karatasi ya nyuzi joto za kufulia. Shangazi aliisoma akiwa amesimama. Ilikuwa kazi safi. Nchi yake ilionekana kama kitu ambacho wizara ingeweza kukipigia muhuri, na kwa dakika moja alijisikia vizuri.

"Kuna sehemu moja tu nimeweka alama ya kuuliza," Msimamizi alisema watu walipokaa. Alikuwa mchangamfu. "Nadhani ni kosa la kuandika. Jaribio la Dereva la daraja la tano, miaka miwili iliyopita. Kiwango ni kumi. Daftarini imeandikwa saba."

"Kosa la kuandika," Fundi alisema mdomo umejaa. "Nilikuwepo. Shangazi alisema kumi kwa sauti."

"Ndiyo maana nauliza. Nibadilishe iwe kumi?"

Dereva hakumtazama Msimamizi. Alimtazama Shangazi.

"Ilikuwa ngapi?" aliuliza.

Shangazi angeweza kusema kumi. Alilifikiria jambo hilo baadaye mara nyingi, jinsi lilivyokuwa jepesi, neno moja na chakula kiendelee. Lakini alikuwa ameulizwa na mtu aliyemkazia macho.

"Saba," alisema. "Nne na tatu. Nilizifunika kwa mkono nikaziokota kabla hamjaona."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Dereva aliijua sababu, na Fundi pia aliijua, ndiyo maana aliacha kutafuna. Wiki ile ya jaribio mke wa Dereva alikuwa amelazwa ghorofa ya tatu, kwenye wodi ambayo wageni wanaingia mmoja mmoja. Kila asubuhi Dereva alipanda na toroli kuchukua mifuko ya wodi ile ile, akateremka nayo. Alikuwa na siku mbili hajasema neno. Alikuja mezani kwa sababu saa ya meza ilikuwa imefika, akarusha dadu kwa sababu aliambiwa arushe. Mke wake alipona. Alirudi nyumbani baada ya wiki tano, anatembea kwa fimbo, na sasa alikuwa ameiacha hata fimbo.

"Kwa hiyo daraja langu ni la kuhurumiwa," Dereva alisema.

"Jamani, ni mchezo," Fundi alisema.

"Ndiyo, ni mchezo." Dereva alifunika chakula chake, akachukua funguo za gari. "Samahani bosi. Nina safari ya zahanati."

Haikuwa saa ya safari ya zahanati. Aliondoka hata hivyo.

Siku nne alikula garini. Alileta mifuko kwa wakati, alipima, alisaini. Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa lolote. Ila aliacha kusema Shangazi. Alimwita "mama," kama anavyoitwa mama yeyote kwenye foleni ya kaunta. "Mama, hii ya wodi ya watoto ina kilo kumi na nane." Shangazi aliandika kumi na nane bila kuinua kichwa.

Hasira zake alizielekeza kwa Msimamizi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Hakumjibu zaidi ya lazima. Alikunja shuka kwa vishindo. Siku ya tatu kijana alikuja chumba cha kukunjia, akafunga mlango, ule unaohitaji teke, akaupiga teke vizuri.

"Shangazi, nimeharibu."

"Umesoma kilichoandikwa."

"Ningekuuliza wewe kwanza, pembeni. Nilifikiri ni makosa ya kalamu tu. Kule ghalani, namba zisipolingana unapiga kelele palepale, ndiyo kazi. Sikujua kwamba hapa..." Hakumaliza. Alishika ncha mbili za shuka iliyokuwa mezani, na Shangazi, kwa mazoea, akashika nyingine mbili. Wakakunja. "Nitaitoa ile karatasi ukutani."

"Iache. Saba ni saba hata ukiitoa."

Walikunja shuka tano hivi.

"Nimesikia uliomba nafasi yangu," Msimamizi alisema.

"Mara tatu."

"Sikujua nilipokuja."

"Ungejua ungefanya nini, ungeikataa?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Hapana."

"Basi. Vuta huko, imepinda." Shangazi aligundua kwamba hasira kwa kijana yule zilikuwa zimemwisha, na hilo lilimwudhi, maana sasa zilibaki hazina mtu wa kuzibeba isipokuwa yeye mwenyewe.

Jioni alimweleza mama yake. Bibi huyo alikuwa na miaka themanini na moja, amekula chumvi ya kutosha, sikio la kushoto halifanyi kazi. Alikuwa akichambua mchele kwenye sinia karibu na dirisha. Shangazi alikaa upande wa sikio zima, akaeleza kwa sauti kubwa: madaraja, dadu, saba, kumi, mke wa Dereva wodini.

"Huyo dereva," mama yake alisema, "ni mtoto?"

"Ana miaka arobaini na saba, mama."

"Na ulimdanganya."

"Nilimsaidia. Alikuwa amekatika kabisa."

"Siku ile ulimsaidia. Ya pili yake je?" Bibi alitupa jiwe dogo dirishani. "Mkewe alipopona, siku ya pili yake si ungemwambia? Wiki ya pili? Umekaa naye miaka miwili unamtazama anajiona mkubwa."

"Yeye ni mkubwa kweli. Anacheza vizuri kuliko wote."

"Basi kwa nini hukumwacha arushe tena?"

Mama yake alirudi kwenye mchele wake.

Ijumaa saa saba Shangazi alichukua bakuli lake, akatoka nje hadi kwenye gari la nguo lililoegeshwa kwenye kivuli cha tangi la maji. Alifungua mlango wa abiria, akapanda kwa shida, maana ngazi ya gari lile ilikuwa juu na magoti yake hayakuwa ya jana. Dereva alizima redio.

"Sikuja kujitetea," Shangazi alisema.

"Karibu."

Walikula kidogo. Kupitia kioo waliona moshi wa bomba la mvuke ukipanda na kukatika.

"Nikwambie kitu?" Dereva alisema. "Ile siku nilipanda juu jioni kumwona mke wangu. Nilikuwa sina la kumwambia, siku zote naingia mle nakaa tu. Nikamwambia, nimefika daraja la tano. Nimekuwa Mwita. Hakujua ni nini, lakini alicheka. Akasema, basi niite mimi nitoke humu." Alisafisha koo. "Siwezi kukasirikia siku ile, mama. Hata nikitaka."

"Unakasirikia nini?"

"Kilichofuata. Nimeita upepo. Nimeita ng'ombe wa yule chifu, mvua ya kuzima moto wa mji. Miezi mitano nimetafuta jina la mvua! Naandika usiku, nafuta. Wewe umekaa pale unasema 'mvua inakuja,' na unajua mimi si Mwita. Ni kama mtu mzima anashikiwa baiskeli kwa nyuma, anadhani anaendesha."

Shangazi aliweka kijiko chini.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuona unafurahi, nikaona nikisema nitavunja. Halafu siku zikapita, ikawa siwezi kusema bila kueleza kwa nini sikusema mapema. Nisamehe. Si kwa dadu. Kwa hiyo miaka miwili."

Dereva aliweka sahani yake kwenye dashibodi.

"Nataka kurusha," alisema. "Jumanne. Mbele ya wote, dadu zikae mezani kila mtu azione. Nikipata kumi, nimepata. Nisipopata, nashuka la nne na unaandika."

"Nitaandika."

"Na mkono wako ukae mbali."

"Nitaukalia," Shangazi alisema, na kwa mara ya kwanza juma lile Dereva akacheka, kidogo tu, puani.

Jumanne meza ilizungukwa. Habari zilikuwa zimesambaa, na hata waliokuwa wakilala kwenye mablanketi walisimama nyuma. Kabla dadu hazijatoka mfukoni Msimamizi aliinua kidole.

"Swali moja, nisamehewe. Akishuka, aliyoyafanya akiwa wa tano yanahesabika? Kwa kanuni hakuwa na nguvu ya kuita mvua. Basi mvua haikunyesha."

"Ule mji uliungua?" Fundi aliuliza, ameshtuka kweli. "Nina nyumba pale!"

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Aliona kwamba swali lilikuwa la haki na lilihitaji jibu lake yeye. Alitazama ramani, mahali mji ulipokuwa, doa la chai lililokuwa ziwa.

"Mvua ilinyesha," alisema. "Tuliiona sote. Kosa la mwamuzi halifuti kilichotokea. Linarekebishwa kuanzia siku lilipojulikana. Andika hivyo kwenye karatasi yako."

Msimamizi aliandika.

Dereva alichukua dadu. Hakuzipuliza wala kuzitikisa sana. Alizirusha kama mtu anayeweka funguo mezani. Moja ilisimama mara moja, tano. Nyingine ilizunguka kwenye mshono wa shuka, ikagonga bakuli la Fundi, ikatulia.

Tatu.

Shangazi alikuwa amekalia mkono wake wa kulia kweli, na aliuhisi ukifa ganzi chini ya paja. Nane. Alitamani, kwa nguvu iliyomshangaza, dadu ile ingegonga bakuli upande mwingine.

"Nane," Dereva alisema mwenyewe. "Andika, Shangazi."

Aliandika nane, na tarehe. Halafu akafungua ukurasa wa wachezaji, akakata neno Mwita mbele ya jina lake la mchezo kwa mstari mmoja, akaandika Mfunga.

"Basi tucheze," Dereva alisema. "Tuliishia wapi?"

Waliishia kwenye bonde ambapo wapanda farasi ishirini wa adui walikuwa wakiteremka, na mpango wao wote ulikuwa kwamba Dereva ataita upepo. Sasa upepo haukuwepo. Fundi alianza kulalamika kwamba watakufa kifo cha kijinga. Dereva aliinama juu ya ramani, akauliza bonde lina upana gani. Shangazi akamwambia hatua arobaini. Akauliza kama kuna daraja juu ya mto. Lipo, la mbao. Akauliza kama Mfunga anaweza kufunga njia isiyo na mlango.

"Neno linafunga kinachofungika," Shangazi alisema. "Nionyeshe kinachofungika."

Dereva alifikiri mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akamgeukia Msimamizi.

"Bosi, wewe ni Mwasha. Ukishika maji ya mto kwa mkono, yanachemka, sivyo?"

"Pale ninapogusa."

"Mvuke unapanda. Farasi hawaoni mbele. Fundi anavuta ubao mmoja wa daraja, mmoja tu, anaoweza kuubeba. Farasi wa kwanza anaanguka, wa nyuma wanajazana. Hapo kuna mdomo wa njia na umejaa farasi. Mimi nafunga huo."

Shangazi aliwapa dadu. Msimamizi alipata tisa, Fundi akapata sita, iliyotosha kwa shida, na kuapa kwa kila bolti aliyoijua, Dereva akapata kumi na moja. Fundi aliinuka kwenye kiti akisema hiyo kumi na moja ilikuwa wapi dakika ishirini zilizopita, na Dereva alicheka hadi akashika ubavu.

Kengele ya saa nane ililia farasi wakiwa bado wamefungiwa bondeni. Fundi alikwenda kukagua mkanda wa mashine ya kukaushia, Msimamizi akabeba fomu za mchana, Dereva akachukua toroli la magauni ya upasuaji. Mwezi uliofuata alirusha tena akapata tano. Mwezi uliofuata huo hakurusha kabisa, alisema ana kazi na lango la mji wa kaskazini, ambalo hajaridhika na jinsi alivyolifunga.